ALIYEPANDIKIZWA FIGO ASIACHWE KITUONI

Mwezi Novemba 2017 wataalamu wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, wakisaidiwa na wenzao kutoka India, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Haikupita nusu mwaka, Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaifanya kazi hiyo kwa msaada wa madaktari wa Japani. Kabla ya hapo kila Mtanzania aliyehitaji figo mpya, awe wa Bara au wa Visiwani, alilazimika kwenda nje ya nchi, aghalabu India, pamoja na ndugu aliyekubali kumtolea figo yake. Asiyekuwa na uwezo wala rufaa ya Serikali alibaki kuingoja siku yake. Hatua hii ni ya kujivunia, na kila mwananchi mwenye haki ataisifu.

Lakini sifa peke yake haijengi nchi. Leo tunataka kuuliza swali ambalo haliulizwi mara kwa mara katika sherehe za aina hii: mgonjwa akisharudi kwao na figo yake mpya, ni nani anayeulinda moyo wake?

Tunauliza habari ya moyo kwa makusudi. Nchi zilizotutangulia katika kazi hii zimekwisha kuona kwamba mtu aliyepandikizwa figo huweza kufa kwa shambulio la moyo au kiharusi, ilhali figo aliyopewa ingali ikifanya kazi yake vizuri. Katika nchi hizo maradhi ya moyo na mishipa ya damu yamo katika vyanzo vikuu vya vifo vya watu hao. Msiba wa namna hii una uchungu wa pekee. Ndugu mmoja amekatwa mwili wake ili kumwokoa mwenziwe; Serikali, mfuko wa bima au ukoo mzima umetoa fedha nyingi; madaktari wametimiza wajibu wao; na mwisho wa yote figo nzima inazikwa pamoja na mwenyewe kwa sababu hakuna aliyeangalia mafuta na sukari katika damu yake.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa Usinge. Usinge ni kata ya Wilaya ya Kaliua, katika Mkoa wa Tabora, na ni kituo katika reli ya kati itokayo Tabora kwenda Kigoma. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita nchi hizi za magharibi ya Tabora ikielekea Ujiji, na baadaye reli ya Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaichukua kazi ya wapagazi. Wasomaji wetu wa Unguja wanaijua njia hiyo bila ya kufundishwa. Pembe za ndovu zilizotajirisha maduka ya Zanzibar zilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi, na wajukuu wa Wanyamwezi na Wamanyema wako mitaani mwetu hadi leo.

Waliokuwa wakiongoza misafara walijua jambo moja ambalo mipango yetu ya afya hulisahau. Msafara hausifiwi kwa ngoma iliyopigwa Bagamoyo siku ya kuondoka. Husifiwa kwa idadi ya watu waliofika. Na watu hufika ikiwa kila kambi njiani ina maji, chakula na mtu wa kuwapokea. Upandikizaji wa figo ni siku moja katika chumba cha upasuaji. Safari yenyewe ni miaka inayofuata, na vituo vyake viko Usinge, Micheweni, Makunduchi na Mkoani.

Tumfikirie, basi, mkulima wa Usinge aliyepandikizwa figo Dodoma. Kwa reli, Dodoma na kwao ni njia moja. Anarudi na mfuko wa dawa na tarehe ya kuonana na daktari. Mwezi wa kwanza huenda akarudi kama alivyoagizwa. Mwaka wa pili mvua zimenyesha, tumbaku haijauzwa, nauli haipo, naye anajiona mzima. Ni lini tena atapimwa damu? Na akipimwa, apimwe nini? Maswali hayo ni ya mkazi wa Pemba pia, ambaye kwake kikwazo ni bahari.

Kwanza tueleze kwa nini moyo wa mtu huyu uko hatarini kuliko wa jirani yake. Mtu hafikii kuhitaji figo mpya kwa siku moja. Huwa amekaa miaka na shinikizo la damu au kisukari, na miaka hiyo hiyo iliyoharibu figo imeigusa pia mishipa ya moyo na ya ubongo. Huenda alisafishwa damu kwa mashine kwa miezi au miaka, wakati ambapo chumvi za chokaa na fosfati zilikuwa zikivurugika mwilini na kuigandisha mishipa. Kwa hiyo anaingia chumba cha upasuaji akiwa na deni la zamani, na figo mpya hailifuti lote.

Kisha huja dawa zenyewe. Mwili humtambua mgeni, na figo ya ndugu ni mgeni. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu, uliofanyika Boston nchini Marekani mwaka 1954, ulihusu ndugu pacha waliofanana kabisa, ambao miili yao haikukataana. Kwa watu wengine kazi hii ilianza kufaulu kwa wingi katika miaka ya 1980, ilipopatikana dawa ya siklosporini ya kushusha kinga ya mwili. Baadaye ikaja takrolimasi. Dawa hizi ndizo zinazoifanya figo iishi. Lakini kila moja inadai malipo yake. Siklosporini hupandisha shinikizo la damu na mafuta. Takrolimasi huweza kuleta kisukari kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Prednisoloni huongeza sukari, mafuta na uzito. Hapana anayepaswa kuziacha kwa kuogopa maneno haya, maana kuziacha ni kuipoteza figo. Linalopaswa ni kuangalia zinafanya nini katika damu, na kuwahi.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mshipa wa moyo hauzibi kwa ghafla kama tunavyodhani tunapopata habari ya kifo. Huziba taratibu, na damu hutoa habari kabla. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani walianza kuwafuatilia wakazi wa mji mdogo uitwao Framingham, wakawapima mwaka hadi mwaka, na kutokana na kazi hiyo dunia ikajifunza kwamba shinikizo la damu, lehemu, kisukari na tumbaku hutabiri nani atapatwa na maradhi ya moyo. Mizani iliyotengenezwa Framingham ilipotumiwa kwa watu waliopandikizwa figo, ilionekana kuikadiria hatari yao kuwa ndogo kuliko ilivyo. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakitafuta katika damu dalili nyingine zitakazowaonya mapema zaidi.

Hapa ndipo panapohitaji akili ya kutawala pamoja na akili ya tiba. Dalili zilizokwisha kutajwa ni nyingi, na kila moja ina kipimo, mashine, kemikali na muuzaji wake. Nchi isiyojua inachokitafuta inaweza kununua vyote na isimwokoe mtu. Sisi tunaona dalili hizo zigawanywe katika mafungu mawili: zile ambazo daktari akizijua atabadili tiba, na zile ambazo akizijua ataandika tu katika faili.

Katika fungu la kwanza tunaanza na lehemu, yaani mafuta ya damu. Utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la ALERT, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003, uliwachukua watu 2,102 waliopandikizwa figo. Nusu walipewa fluvastatini, dawa ya kushusha lehemu, na nusu hawakupewa dawa hiyo; wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Lehemu mbaya ilishuka kwa takriban asilimia 32. Ni lazima tuwe wakweli: tukijumlisha matukio yote ya moyo ambayo utafiti ule ulikusudia kuyahesabu, upungufu uliopatikana ulikuwa wa asilimia 17, na haukutosha kuondoa shaka ya bahati. Lakini vifo vya moyo pamoja na mashambulio ya moyo yasiyoua vilipungua kwa asilimia 35. Kwa kutazama ushahidi wa aina hiyo, mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2013 ulipendekeza kwamba watu wazima waliopandikizwa figo wapewe dawa za jamii ya statini, na ukasema kwamba kwa wengi wao hakuna haja ya kupima lehemu tena na tena baada ya kipimo cha mwanzo.

Tunawaomba maofisa wetu waisome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Ina maana kwamba mkulima wa Usinge hahitaji kusafiri kila miezi mitatu kwa ajili ya kipimo cha mafuta. Anachohitaji ni kupimwa mara moja vizuri, kupewa kidonge kinachopatana na dawa zake nyingine, na kidonge hicho kisikosekane katika duka la dawa la wilaya. Kwa jambo hili sayansi imemrahisishia kazi mtu wa mbali. Kinachobaki ni bohari na usafiri.

La pili ni sukari. Hii haiwezi kupimwa mara moja ikaachwa. Mwongozo wa KDIGO wa mwaka 2009 ulitaka sukari ipimwe angalau kila wiki kwa wiki 4 za mwanzo, kisha kila miezi 3 hadi mwaka utimie, na baada ya hapo kila mwaka. Wahudumu wetu wa afya wajue siri moja ya prednisoloni: ikimezwa asubuhi, sukari hupanda zaidi alasiri. Mgonjwa akipimwa alfajiri kabla ya kula tu, huenda akaambiwa yuko salama na siyo kweli. Wajue pia kwamba kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu hutegemea umri wa chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu wa damu, aliyetoka kuugua malaria, au mwenye selimundu anaweza kupata jibu la kudanganya. Mikoa yetu ya magharibi na ya Ziwa inayajua maradhi hayo. Kwa hiyo kile kidude kidogo cha kutoboa kidole, kikitumiwa saa inayofaa, kinaweza kusema kweli Usinge pale ambapo mashine ya fahari itapotea njia.

La tatu ni kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo, pamoja na protini katika mkojo. Wako wanaodhani vipimo hivi ni vya figo tu. La hasha. Figo ikipungua nguvu, hatari ya moyo hupanda. Na protini inayovuja katika mkojo ni habari ya mishipa midogo ya mwili mzima. Baada ya mwaka wa kwanza kreatinini hutakiwa kupimwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, na protini ya mkojo angalau kila mwaka. La nne ni wingi wa damu, maana moyo unaosukuma damu nyepesi hufanya kazi ya ziada na kutanuka. Juu ya yote hayo liwekwe shinikizo la damu, ambalo halihitaji hata tone la damu ya mgonjwa.

Sasa tuje katika fungu la pili. Iko protini iitwayo CRP, ambayo hupanda mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizo. Katika nchi za baridi watafiti wameona kwamba waliopandikizwa figo ambao protini hiyo iko juu hufa zaidi. Sawa. Lakini Usinge, ambako malaria ipo na vidonda vya shambani vipo, kipimo kimoja kilichopanda kitamwambia daktari nini kuhusu moyo? Huenda ni homa ya juzi. Ziko troponini na homoni ya moyo iitwayo BNP. Hizi zina kazi kubwa mgonjwa anapofika hospitali na maumivu ya kifua au pumzi ikimkata, na hospitali kubwa lazima iwe nazo. Lakini hupanda pia figo inapofanya kazi kidogo, kwa hiyo zinataka jicho la bingwa. Yako mafuta mengine, lipoprotini A, ambayo mtu huyarithi kwa wazazi na ambayo kwa kawaida huwa juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kuyajua kunaweza kumsaidia daktari kumpa mgonjwa uangalizi zaidi, lakini hayatangulii mbele ya kidonge cha lehemu na kipimo cha shinikizo.

Iliyotufundisha zaidi kuliko zote ni homosisteini. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba dalili hii ikiwa juu katika damu, maradhi ya moyo yako karibu, na waliopandikizwa figo wengi walikuwa nayo juu. Tiba yake ilikuwa rahisi: asidi ya foliki na vitamini za B. Ukafanywa utafiti wa FAVORIT katika Marekani, Kanada na Brazili, kwa watu 4,110 waliopandikizwa figo, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Vitamini hizo kwa kiasi kikubwa ziliishusha homosisteini kama ilivyotarajiwa. Lakini mashambulio ya moyo, viharusi na vifo havikupungua. Wingu lilifukuzwa, mvua ikanyesha vile vile.

Fundisho hilo tunalitaka likae juu ya meza ya kila ofisa anayetia saini hati ya kununua vifaa. Dalili inayotabiri maradhi huenda isiwe chanzo chake, na kuirekebisha dalili kwenye karatasi huenda kusimponye mtu. Kipimo kinastahili fedha za wananchi ikiwa jibu lake litabadili kile ambacho mganga atafanya kesho asubuhi. Kwa kanuni hiyo tunatetea vipimo vichache, vya bei ndogo, karibu na nyumba ya mgonjwa, na dawa zisizokatika. Na tunakataa tamaa ya kujaza maabara moja ya mji mkuu kwa kila kipya kinachotangazwa.

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa kwamba waliopandikizwa figo ni wachache, kwamba Usinge ina watoto wenye malaria na akina mama wanaohitaji kujifungua salama, na kwamba si haki kuipa kata ya mbali mzigo wa ugonjwa wa watu wachache. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande mmoja, na hatuibezi. Mwenye kugawa kidogo lazima aanze na wengi. Lakini tutazame orodha yetu tena: shinikizo la damu, sukari, protini ya mkojo, wingi wa damu, kreatinini, lehemu. Ni kipimo gani kati ya hivyo ambacho mama mjamzito, mzee mwenye presha au mkulima mwenye kisukari hakihitaji? Kituo cha afya kinachoweza kumtunza aliyepandikizwa figo ndicho kile kile kinachoweza kumzuia mwingine asifike kuhitaji figo. Kwa sababu hiyo hatuombi huduma ya watu wateule. Tunaomba huduma ya msingi ikamilike, ili hata mteule wa msiba aikute.

Liko pia suala la maduka ya dawa na desturi zetu. Simvastatini ni dawa njema ya lehemu, lakini ikichanganywa na siklosporini huweza kuharibu misuli na hata kuiua figo yenyewe. Erithromaisini, ambayo mtu hununua kwa kikohozi, hupandisha takrolimasi katika damu hadi kiasi cha sumu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huishusha, mwili ukaanza kuikataa figo. Hata tunda la balungi, ambalo nyumba nyingi za Visiwani hulipenda, huzuia mwili kuivunja takrolimasi, na madaktari huwakataza wagonjwa wao kulila pamoja na jamaa yake furungu. Mambo haya hayahitaji mashine. Yanahitaji mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili fasaha, muuza dawa afundishwe, na daftari la mgonjwa liandikwe dawa zake zote ili kila anayemtibu alione.

Na kuna tumbaku. Kaliua na Urambo ni wilaya zinazojulikana kwa zao hilo, nalo limesomesha watoto na kujenga nyumba za bati. Hatutajifanya kwamba hatujui. Lakini yule mkulima wetu aliyerudi na figo ya ndugu yake akivuta sigara, anaubomoa usiku moyo ambao dawa zinaujenga mchana. Viongozi wa Chama katika mashina na matawi ya huko wasione haya kulisema hilo, hata mbele ya mizani ya chama cha ushirika. Kulima zao ni jambo moja, kulivuta ni jingine, na kiongozi asiyewaambia watu wake ukweli kuhusu afya zao amewapunguzia haki yao.

Sasa tuseme tunachokitaka. Tunataka kila aliyepandikizwa figo, awe alipandikizwa Muhimbili, Dodoma au ng'ambo, akabidhiwe rasmi kwa Mganga Mkuu wa wilaya yake, kwa maandishi, akiwa na ratiba ya vipimo na jina la dawa zake. Zahanati na vituo vya afya viwe na mashine ya shinikizo inayofanya kazi, kipimo cha sukari, kipimo cha wingi wa damu na vijiti vya mkojo wakati wote. Hospitali ya wilaya ipime kreatinini na lehemu, na pale ambapo mgonjwa hawezi kusafiri, damu yake isafirishwe kwa niaba yake. Chupa ya damu haidai nauli ya watu wawili wala mahali pa kulala. Kiasi cha takrolimasi katika damu kinahitaji maabara kubwa, na sampuli yake hutakiwa kuchukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi. Wilaya ifundishwe kuichukua na kuituma ipasavyo. Daktari wa Dodoma au wa Dar es Salaam azungumze kwa simu na mganga wa Kaliua, maana simu imekwisha kufika mahali ambapo bingwa hajafika.

Kuhusu fedha, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar ilianzisha Mfuko wa Huduma za Afya mwaka huo huo. Wasimamizi wa mifuko hiyo wakumbuke kwamba kulipia upasuaji bila ya kulipia dawa na vipimo vya miaka inayofuata ni sawa na kununua jahazi bila ya tanga. Visiwani, ambako tangu Mapinduzi ya 1964 wananchi walihesabu matibabu kuwa haki yao, tunatarajia Pemba isilazimike kuifuata Unguja kwa kila tone la damu, wala Unguja kuifuata Dar es Salaam.

Mwisho, tunataka hesabu. Umma hutangaziwa idadi ya waliopandikizwa. Umma utangaziwe pia wangapi wako hai baada ya mwaka 1, miaka 5 na miaka 10. Wangapi figo zao zinafanya kazi. Na waliokufa walikufa kwa nini. Hesabu hiyo isiogopwe. Ndiyo itakayotuonyesha kama moyo unatuibia watu wetu, na katika wilaya zipi. Uganda nayo imeingia katika kazi hii, baada ya Hospitali ya Mulago kupandikiza figo kwa mara ya kwanza Desemba 2023. Kenya ilitutangulia sote. Nchi jirani zikiweka hesabu zao pamoja, tutakuwa na ushahidi wa watu wetu wenyewe, badala ya kutegemea mizani ya Framingham milele.

Wazee watakumbuka mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakati takriban watu milioni mbili walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kujadiliana, kisha kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Hapakuwa na mashine kubwa. Palikuwa na ujumbe ulio wazi, viongozi waliokuwa mbele, na imani kwamba mwananchi wa kijijini anaweza kuelewa maradhi yake akielezwa. Umaskini, ujinga na maradhi walikuwa maadui zetu, na hatukuambiwa kwamba adui maradhi angebadili sura. Amebadili. Leo anakuja bila homa, kimya kimya, katika mafuta, sukari na chumvi, na anamfuata hata yule ambaye tulidhani tumekwisha kumwokoa.

Figo ya ndugu ni amana. Aliyeitoa hakuitoa kwa daktari wala kwa Serikali. Ameitoa ili mtu wake aishi. Amana hailindwi siku ya kukabidhiwa tu. Treni ikisimama Usinge na mgonjwa wetu akashuka na mfuko wake wa dawa, lazima pawepo mtu wa kumpokea, mwenye kujua jina lake, dawa zake na siku ya kumpima. Mpaka hapo patakapokuwa na mtu huyo, kazi iliyoanzwa Muhimbili na Dodoma haijamalizika.